Laini Kumi na Tisa Ndani ya Kopo la Maziwa

Kwanza nilisikia simu ikiwashwa. Mnaujua ule wimbo wa simu ndogo ya vitufe inapoamka, kama mtoto anayejaribu filimbi kwa mara ya kwanza? Nilikuwa nimesimama nje ya duka la Baba Zuhura pale Misunkumilo, upande wa ukuta wenye kivuli, nikifuta jasho kabla ya kuzunguka kwenda dirishani. Sikumwona mtu. Nilisikia tu. Wimbo wa kuamka, kisha ti-ti, ujumbe umeingia. Kimya. Kisha vitufe, tik, tik-tik, tik, mtu anaandika polepole kama anayechambua mawe kwenye mchele. Kimya tena. Halafu mkoba wangu ukatetemeka begani.

Nikatoa simu yangu. "Milembe darasa la saba. Swali la 7 jibu ni 39. Ahsante mwalimu."

Nikatabasamu peke yangu. Milembe, mwanangu, hata korona haijakuweza! Sijarudisha simu mkobani, ndani ya duka ile simu ikazimwa, ikawashwa tena. Wimbo. Ti-ti. Tik, tik-tik. Mkoba ukatetemeka.

"Kulwa darasa la saba. Swali la 7 jibu ni 39. Ahsante mwalimu."

Mara ya tatu niliukumbatia mkoba kwa mikono miwili kama mwizi wa kuku, nikasubiri. Ukatetemeka tena.

Nitarudi pale ukutani. Subirini kwanza niseme nawaandikia akina nani. Nawaandikia nyie vijana mnaoajiriwa leo, mnafika shuleni, na kabla hamjaonyeshwa choo kiko wapi Mwalimu Mkuu anasema, "Wewe unajua kompyuta, utashika takwimu." Mnanung'unika. Mnaona mmepewa kazi ya kujaza fomu wakati wenzenu wanafundisha. Mimi nimeshika takwimu za shule tangu siku za kaboni ya bluu inayochafua mpaka kola ya blauzi, nimestaafu juzi tu, na nawaambia hakuna kazi tamu kama hii. Kila namba ni mlango. Unagonga, unasikiliza kama kuna mtu ndani.

Kugonga nilifundishwa Inyonga. Nilipangiwa huko nikiwa mwembamba kama kalamu, na aliyenipokea ni Mwalimu Leokadia, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Siku ya pili alinituma niite mahudhurio darasa la tano. Nikaita majina, kila jina likaitikiwa "Nipo!", nikaweka vema zangu, nikampelekea rejesta nikijidai.

"Wote wapo?"

"Wote, mwalimu."

"Msimu huu wa asali? Inyonga hii?" Akacheka mpaka meza ikacheza. "Twende."

Hakuingia darasani. Alisimama mlangoni, akainama kwa shida akishika kiuno, akachungulia chini ya madawati. Alikuwa anahesabu miguu. Akamaliza, akagawa kwa mbili, akanitajia idadi. Watoto saba walikuwa porini na baba zao wanarina asali, na wenzao walikuwa wanawaitikia kwa zamu, wengine wakibadilisha sauti kabisa.

"Mdomo unaweza kuitikia watu watatu," akaniambia. "Miguu haiwezi."

Tangu siku hiyo nikawa mhesabu miguu. Mara moja nilipata miguu thelathini na tisa, nikahangaika robo saa nzima nikitafuta mtoto mwenye mguu mmoja, kumbe kuna aliyekalia mguu wake ili kaptula iliyotoboka isionekane. Kumbe hata namba isiyogawanyika ilikuwa na habari ya mtoto. Wiki ile Mwalimu Leokadia alimshonea kaptula.

Msidhani nilikuwa sikosei. Shule ilipopata kompyuta yake ya kwanza, nilitaka kupanga majina kwa alfabeti. Nikachagua safu ya majina peke yake, nikabonyeza. Majina yakajipanga vizuri kama askari wa gwaride. Alama zikabaki pale pale zilipokuwa. Deusi, ambaye hakuwahi kuvuka nafasi ya tatu kutoka mwisho, akawa wa kwanza darasani. Ripoti ikaenda nyumbani, bibi yake akachinja jogoo. Nilipokwenda kuomba radhi nikakuta mchuzi mezani. Bibi akanisikiliza hadi mwisho, akaniwekea paja, akasema, "Kula, mwalimu. Jogoo ameshakufa, tutamrudishaje?" Deusi naye hakurudi tena mkiani. Nadhani aliona aibu kwa ajili ya yule jogoo. Lakini nyie mkipanga safu, chagueni jedwali zima! Bibi wa aina ile siku hizi ni wachache.

Sasa turudi kwenye korona.

Shule zilifungwa ghafla. Leo kelele, kesho uwanja mtupu na mbuzi wanakula maua ya paredi. Mwalimu Mkuu wetu, tulimwita Mkuu, alikuwa mtu mwema mwenye hofu ya kuchekwa. Akatuita, tukakaa mbalimbali na barakoa zetu, akasema watoto wa darasa la saba wana mtihani mwaka huu, hatuwezi kuwaacha. Wenye simu nyumbani watatumiwa maswali kwa ujumbe mfupi. Wasiofikiwa kwa simu, Afisa Elimu Kata atatupatia karatasi za mazoezi zilizochapwa, na mwalimu atawapelekea kwa pikipiki mahali walipo. Karatasi ni chache, mafuta ni machache. Kwa hiyo orodha lazima iwe safi. Atakayeandikwa "amefikiwa" hatapelekewa karatasi.

Orodha akanipa mimi. Mnaelewa uzito wake? Neno moja kwenye safu moja ndilo lingeamua mtoto gani ataletewa karatasi mpaka shambani na nani ataachwa.

Nilifurahi mpaka aibu. Nikachukua rejesta, kila mtoto nikamwandikia namba ya simu ya mzazi, na hakukuwa na namba mbili zinazofanana. Nikatuma maswali. Wiki ya kwanza majibu yalikuja machache. Nikakasirika, nikaongeza mstari mmoja chini ya kila ujumbe, kwa herufi kubwa: ASIYEJIBU ATAANDIKWA HAYUPO.

Majibu yakamiminika! Nikajaza jedwali: amefikiwa, amefikiwa, amefikiwa. Mkuu akapeleka ripoti kwa Afisa Elimu Kata, akapongezwa mbele ya wakuu wenzake, akarudi anatembea kama kavaa viatu vipya. Kitu kimoja tu kilinikwaruza. Swali la saba lilikuwa rahisi: mchele kilo ishirini ukifungwa kwenye vifuko vya nusu kilo, utapata vifuko vingapi? Jibu ni arobaini, mnalijua hata mkiwa usingizini. Watoto kadhaa walikuwa wameshaandika thelathini na tisa. Nikasema moyoni wameigiziana. Lakini wameigiziana vipi, kila mmoja kwao, na shule imefungwa?

Hapo ndipo nikajikuta ukutani kwa Baba Zuhura, nimekwenda kununua vocha tu, mkoba unatetemeka.

Nikazunguka. Nikanawa mikono kwenye ndoo aliyoiweka mlangoni, kwa sababu hata hasira ilikuwa na utaratibu miezi ile. Baba Zuhura alikuwa amekaa kwenye kreti, kofia yake ya kiislamu imesogea nyuma, miwani puani, simu ndogo mkononi imefunguliwa mgongo. Mbele yake kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo, vijikaratasi vimekunjwa kama vya bahati nasibu.

"Shikamoo mwalimu," akasema, ingawa ananizidi umri. Alikuwa na desturi hiyo kwa walimu wote.

"Baba Zuhura, hilo kopo lina nini?"

Akaliangalia kana kwamba ndiyo kwanza analiona. "Laini."

"Laini za nani?"

"Za watu."

Nikafungua kijikaratasi kimoja. Ndani laini ya simu, na kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu: Baba Milembe. Kingine: Mama Kulwa. Nikaendelea mpaka kumi na tisa.

Nyie wa leo mna simu tangu tumboni, kwa hiyo lazima niwaeleze. Mtu wa kwetu anaweza kuwa na laini bila kuwa na simu. Laini ameisajili kwa kidole chake, ni yake, namba ni yake, anaitaja kwa fahari mwalimu akiuliza. Simu yenyewe hana. Laini anaiacha dukani. Akitaka kupiga, anakuja, anaichomeka kwenye simu ya dukani, akimaliza anairudisha kwenye kopo. Na akihamia shamba kwa msimu, kule ambako mtandao unaupata ukipanda juu ya kichuguu na mkono umeunyoosha, laini inabaki mjini inamsubiri. Miaka yote nilikuwa naandika namba, na sikuwahi kuuliza inalala wapi.

"Kwa hiyo hawa watoto..."

"Wengi wako mashambani, mwalimu. Mavuno haya."

"Na majibu?"

Akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu. "We si uliandika asiyejibu ataandikwa hayupo? Nikaona watoto wa watu wanafutwa hivihivi, mimi nimekaa na laini zao hapa. Nikasema ngoja niwashikie nafasi mpaka warudi. Maswali yenyewe mengine magumu! Lile la sehemu za duara nililala nalo."

"Baba Zuhura, na hili la mchele? Kilo ishirini kwa nusu kilo ni arobaini!"

Hapo akanikazia macho, mwizi wa majibu akageuka mwalimu. "We umewahi kupima mchele?"

"Sijawahi, lakini..."

"Haifiki arobaini hata siku moja. Kuna unaomwagika, kuna unaobaki kwenye pembe za gunia, kuna wa kumwongezea mteja kidogo asinune. Mimi nimepima mchele miaka ishirini na sita. Ni thelathini na tisa. Ukipata arobaini, ujue kuna mtu umempunja."

Nikacheka. Nilicheka mpaka barakoa ikanitoka, nikakaa kwenye kreti la pili, na katikati ya kicheko nikaanza kulia, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka Milembe.

Milembe alikuwa binti wa darasa la saba mwenye hesabu kali na maneno machache. Siku tunafunga shule alinifuata getini. "Madam, baba anasema tunaenda shamba, Sibwesa. Ati shule ikinikumbuka nitarudi. Isiponikumbuka, nitabaki na shangazi kule, nimsaidie." Nikamwambia, kwa mdomo wangu huu, "Nenda mwanangu, tuna namba ya baba yako." Wiki nane zilikuwa zimepita. Kwenye jedwali langu Milembe amefikiwa mara saba, alama tisa kwa kumi. Kule Sibwesa hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza.

Na si Baba Zuhura aliyekuwa mwongo. Ule mstari wangu wa herufi kubwa ndio ulioandika majibu yale. Shikeni hapo, vijana. Ukiomba taarifa kwa vitisho, utaletewa kile kinachomwokoa aliyetishwa, na kitakuja kimepangika vizuri kuliko ukweli.

Nilikwenda kwa Mkuu jioni ileile, bado nina mavumbi. Nikamweleza. Akazungusha kalamu.

"Mwalimu, ripoti imeshaondoka."

"Itafuatiwa na nyingine."

"Unataka tuchekwe kata nzima? Watu wamenipigia makofi!"

"Mkuu, ukikataa sitagombana na wewe. Ila nina ombi moja. Kesho asubuhi twende wote dukani, wewe mwenyewe utume ujumbe mmoja kwa Baba Milembe. Umsalimie tu."

Alikuja na suti. Nikamsimamisha pale pale ukutani penye kivuli, nikampa namba. Akaandika kwa heshima zote: "Habari za shamba, mzee wangu? Binti anaendeleaje na masomo?" Akabonyeza. Tukasubiri. Nilikuwa nimemwomba Baba Zuhura aanzie laini ya Baba Milembe na ajibu kama kawaida yake. Ndani ya duka kopo likatikiswa, laini ikatafutwa. Wimbo wa kuamka. Ti-ti. Vitufe vikaanza, tik, tik-tik. Mkuu alikuwa bado ameshika simu yake mbele ya kifua kama mshumaa ilipotetemeka.

"Nzuri sana mkuu. Anaendelea vizuri mno."

Alitazama ile simu, akatazama ukuta, akakaa chini kwenye mavumbi na suti yake. Kisha mabega yakaanza kucheka kabla ya mdomo. "Mno!" akasema. "Ameongeza na mno!" Akachukua kalamu, akasaini ripoti mpya juu ya goti langu.

Tulichekwa, ndiyo. Wiki nzima wakuu wenzake walimpigia kumwuliza bei ya mchele. Lakini wiki iliyofuata karatasi zikaja, mafurushi mazuri yenye harufu ya wino, na maswali yangu ya simu nayo yamechapwa humo, na kumbe shule nyingine mbili zilikwenda kuchungulia makopo ya maduka yao kimyakimya.

Baba Zuhura hatukumshtaki, tulimwajiri! Alikata maboksi ya sabuni, nikaandika maswali kwa kalamu nene, akayatundika dukani. Mtoto au mzazi akifika kununua chumvi anasoma, anajibu kwenye daftari, na Baba Zuhura anaweka alama kwenye boksi lake mwenyewe. Sheria ilikuwa moja, haweki alama mpaka amemwona mwenye jina. Boksi lile la sabuni ndiyo rejesta sahihi kuliko zote nilizowahi kuzishika. Nikabadili na jedwali langu. Baada ya safu ya namba ya simu nikaongeza nyingine: laini inakaa kwa nani? Mtoto analala wapi wiki hii? Nani amemwona kwa macho, na lini? Zitumieni hizo. Korona ilipita, maswali hayajapita.

Sibwesa nilikwenda mwenyewe. Nusu siku juu ya bodaboda, furushi kifuani, mgongo unalia, na nilikuwa na furaha ya msichana anayekwenda harusini. Niliwakuta wanapukuchua mahindi, baba, shangazi na Milembe. Milembe aliponiona hakukimbia kuja. Alisimama na gunzi mkononi.

Tulisalimiana habari zote, za safari, za mvua, za wagonjwa. Kisha baba yake akasema taratibu, "Mwalimu, miezi miwili bila hata salamu. Nikasema basi, kumbe shuleni walikuwa wanaita tu majina."

Ningeweza kumwambia habari ya laini na kopo. Nilimwambia baadaye, na alicheka. Lakini kwanza nilifungua jedwali langu juu ya gunia la mahindi, nikamwonyesha jina la binti yake na lile neno "amefikiwa" limeandikwa mara saba. "Hili nimeandika mimi," nikasema, "na si kweli." Nikakata moja baada ya jingine, yote saba. Alifuata kalamu kwa kidole chake, akisoma pole pole.

"Sasa mtaandika nini?"

"Sijui bado. Leo nimemwona. Shule ikifunguliwa, wewe ndo utaniambia niandike nini."

Akamtazama shangazi mtu. Akatazama rundo la mahindi. Hakuahidi kitu. "Mpe hizo karatasi," akasema tu.

Shule zilipofunguliwa niliinama mlangoni mwa darasa la saba kama Mwalimu Leokadia, nikishika kiuno, maana nami nilikuwa nimefikia kiuno cha kushikwa. Nikahesabu miguu. Ya Milembe haikuwepo. Siku ya pili haikuwepo. Siku ya tatu sikuinama, niliogopa. Nilikaa kwenye kijiofisi changu cha takwimu nikijifanya napanga mafaili.

Mlango ukagongwa.

"Shikamoo, Madam."

Aliingia na mavumbi ya safari mpaka kwenye nyusi, sare imekuwa fupi, furushi la karatasi chini ya kwapa limefungwa kwa kamba ya katani. Aliliweka mezani. Nikalifungua, nikajifanya nasahihisha. Karatasi zote zilikuwa zimejazwa. Nikaenda moja kwa moja swali la saba, lile la mchele. Alikuwa ameandika majibu mawili, moja chini ya jingine: 40. Na 39.

"Milembe, hapa nikupe alama kwa jibu lipi?"

"Yote ni sawa, Madam. La kwanza la kwenye karatasi. La pili nilipima kweli, mahindi, kwa kopo la shangazi." Akafikiri. "Baba kasema niwahi darasani. Ati leo uandike."

"Niandike nini?"

"Kasema wewe unajua."

Akageuka. Nilitazama miguu yake ikivuka sakafu ya saruji, viatu vimekwisha visigino, mmoja, wa pili, nikagawa kwa mbili. Nikashika kalamu. Mlango ukajifunga nyuma yake.